Jicho la Kupenya Kifusi: Tusingoje Kuletewa

Kila jengo linapoporomoka katika nchi hii, swali la kwanza la waokoaji huwa si la gharama wala la nani wa kulaumiwa. Huwa ni swali la neno moja tu: wapi? Wapi pa kuchimba, wapi pa kuinua zege, wapi pa kuamuru umati unyamaze ili sikio litegwe. Chini ya kifusi huenda mna watu kumi walio hai, lakini mchimbaji asiyejua walipo aweza kuipoteza nusu ya siku akihamisha mawe upande usiokuwa na mtu, ilhali aliyefukiwa anaishiwa na pumzi hatua chache kutoka hapo.

Wakenya tumeliuliza swali hilo mara nyingi mno. Tuliliuliza tarehe 7 Agosti mwaka 1998, bomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu 213 wakauawa na jumba la Ufundi lililokuwa jirani likaanguka. Tuliliuliza tena Januari mwaka 2006, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji hilo hilo lilipowaporomokea mafundi na vibarua. Tukaliuliza kwa uchungu zaidi usiku wa tarehe 29 Aprili mwaka 2016, jengo la ghorofa sita lilipoanguka katika mtaa wa Huruma wakati wa mvua kubwa na kuangamiza watu wapatao 50.

Huko Huruma ndiko tulikopewa somo ambalo halifai kusahauliwa. Zaidi ya siku tatu baada ya jengo kuanguka, mtoto mchanga alitolewa chini ya kifusi akiwa hai. Siku ya sita, wakati wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa, watu wengine wanne wakapatikana wakiwa wangali wanapumua. Maana ya mambo hayo ni kwamba kifusi hakiui wote kwa pigo moja. Wako wanaobaki katika nafasi ndogo baina ya nguzo na sakafu, wakingoja. Basi ni haki tujiulize: je, tumefanya nini ili anayengoja afikiwe kabla pumzi yake haijakatika?

Jibu mojawapo limo katika chombo ambacho wengi wetu tunadhani ni mali ya majeshi na viwanja vya ndege peke yake, yaani rada. Siyo ile rada kubwa inayozunguka juu ya mnara ikitafuta ndege zilizo kilomita mia moja mbali, bali rada ndogo ya kubebwa mkononi au begani, itazamayo umbali wa mita chache tu, na ambayo yaweza kuupenya ukuta wa matofali au rundo la zege na kueleza kama nyuma yake mna kitu kinachotikisika. Nia ya makala haya ni kumwonyesha msomaji kwamba chombo hicho si uchawi, kwamba kuundwa kwake hakuhitaji mabilioni, na kwamba taifa litakalongoja kuletewa litaendelea kuzika watu ambao lingaliweza kuwaokoa.

Tuanze na asili yake. Mjerumani Heinrich Hertz alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba mawimbi ya redio hurudi yanapogonga chuma, kama vile sauti inavyorudi inapogonga jabali. Mwaka 1904, Mjerumani mwingine, Christian Hülsmeyer, alionyesha mjini Cologne mtambo uliotumia mwangwi huo kutambua meli zilizopita katika mto Rhine. Hakuna aliyemjali sana wakati huo. Ilibidi vita vikuu vinukie ndipo Waingereza, wakiongozwa na Robert Watson-Watt, wakaanza mwaka 1935 kuitumia elimu hiyo kutambua ndege.

Lakini ipo sehemu ya historia hiyo ambayo inatuhusu sisi moja kwa moja, na ni ajabu kwamba haisimuliwi katika shule zetu. Vita vilipozuka mwaka 1939, mtaalamu wa radi wa Afrika Kusini, Basil Schonland, alipata nafasi ya kusoma maandishi ya siri ya Waingereza kuhusu rada. Hakupewa mtambo, alipata maandishi tu. Yeye na wenzake wachache katika Taasisi ya Bernard Price, Johannesburg, wakaketi na kuunda mtambo wao wenyewe. Tarehe 16 Desemba mwaka huo huo mtambo wao ulipokea mwangwi wake wa kwanza kutoka kwenye mnara wa maji wa Northcliff. Na katikati ya mwaka 1940 mtambo wa aina hiyo, uliopewa herufi JB kwa heshima ya mji wa Johannesburg, ulisimikwa wapi? Ulisimikwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, katika pwani yetu ya Kenya, ili kugundua ndege za Waitalia. Rada iliyoundwa barani Afrika ilikuwa ikifanya kazi katika ardhi ya Kenya zaidi ya miaka ishirini kabla ya uhuru. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vingine viliundwa karibu kuliko tunavyodhani.

Sasa tuitazame rada ndogo ya leo. Mwezi wa Januari mwaka 2011, wahandisi wa Maabara ya Lincoln ya Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, akiwemo Gregory Charvat, waliendesha mafunzo ya wiki chache ambamo kila kundi la wanafunzi lilitakiwa kuunda rada yake lenyewe na kuondoka nayo. Vifaa vyote viligharimu kama dola 360. Antena zilikuwa makopo mawili ya bati yaliyokuwa na kahawa: moja la kurusha mawimbi, jingine la kuyapokea. Vifaa hivyo vilifungwa juu ya ubao wa kawaida. Nguvu yake ilitokana na betri ndogo za aina ile itiwayo katika redio ya mkononi. Masafa yake yalikuwa gigahezi 2.4, masafa yale yale yanayotumiwa na joko la mikrowevu na na mitambo ya intaneti isiyotumia nyaya, ila nguvu iliyorushwa ilikuwa ndogo mno, haifiki hata ile ya simu ya mkononi.

Jambo la kupendeza zaidi ni jinsi chombo hicho kilivyokwepa tatizo kubwa la rada za masafa mafupi. Mawimbi ya redio hukimbia kama mwanga. Yakigonga kitu kilicho mita tatu mbele yako, mwangwi utarejea baada ya sehemu ishirini za bilioni moja za sekunde. Kupima muda mfupi hivyo kunahitaji saa ya ajabu na ya gharama kubwa. Kwa hiyo rada ndogo haipimi muda moja kwa moja. Badala ya kupiga kelele moja na kungoja, huimba mfululizo, sauti yake ikipanda kutoka chini kwenda juu, kisha huanza upya. Mwangwi unaporejea huwa umechelewa kidogo, kwa hiyo huwa chini kidogo ya sauti inayoimbwa wakati huo. Tofauti ya sauti hizo mbili ndiyo inayoeleza umbali: kitu kilicho karibu huleta tofauti ndogo, na kilicho mbali huleta tofauti kubwa.

Katika rada ile ya makopo, kitu kilicho mita kumi mbele huleta tofauti ya mitetemo kama 270 kwa sekunde. Hiyo ni sauti ambayo sikio la mwanadamu laweza kuisikia bila shida, kama noti ya katikati ya kinanda. Ndiyo maana wanafunzi wale hawakuhitaji mtambo wa kifahari wa kuipokea; waliichomeka rada yao katika tundu la kipaza sauti la tarakilishi ya kawaida, na programu ikafanya hesabu iliyosalia. Kazi iliyokuwa ikihitaji chumba kizima cha mitambo ikawa imeshuka hadi kwenye meza ya mwanafunzi.

Aidha, rada hiyo haikuishia kupima umbali. Iliweza pia kupiga picha. Hapa pana hekima iliyogunduliwa na Mmarekani Carl Wiley mwaka 1951. Ili rada ione kwa undani, antena yake hupaswa kuwa pana sana. Na antena pana haibebeki. Lakini ukiichukua antena ndogo ukaisogeza hatua kwa hatua katika mstari ulionyooka, ukasikiliza mwangwi katika kila kituo na kuuhifadhi, tarakilishi yaweza kuziunganisha sauti zote hizo kana kwamba zilipokewa kwa wakati mmoja na antena moja yenye urefu wa mstari mzima. Wanafunzi wale waliisogeza rada yao inchi mbili mbili juu ya ubao, na mwishowe picha ya vitu vilivyo mbele yao ikajitokeza. Haikuwa picha kama ya kamera. Rada hiyo hushindwa kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa chini ya mita mbili hivi, na kilichoonekana kilikuwa mabaka ya mwanga. Hata hivyo, ilikuwa picha, tena iliyopatikana kwa kopo la kahawa.

Maelezo yote ya mafunzo hayo, michoro, orodha ya vifaa na programu, yalitolewa bure kwa ulimwengu mzima. Schonland alipata maandishi ya siri kwa bahati. Sisi tumewekewa mezani. Tukishindwa kusoma, hatuwezi kumlaumu mtu.

Msomaji atauliza: je, kupima umbali wa gari uwanjani kunahusiana vipi na mtu aliyefukiwa? Uhusiano umo katika kifua cha mwanadamu. Mtu aliyezirai hasemi, hagongi bomba, hapigi mayowe. Lakini maadamu yu hai, kifua chake hupanda na kushuka. Katika masafa ya gigahezi 2.4, wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 na nusu. Kifua kikisogea kwa sentimita moja, safari ya wimbi la kwenda na kurudi hubadilika kwa sentimita mbili, ambayo ni karibu sehemu moja ya sita ya wimbi zima. Mabadiliko kama hayo rada huyatambua kwa wepesi. Moyo nao huutikisa mwili, ijapokuwa kwa kiasi cha chini ya milimita moja, na rada iliyotengenezwa kwa makini huweza kuutambua mtikisiko huo pia. Zege halipumui. Mawe hayana mapigo ya moyo. Kwa hiyo tarakilishi huondoa mwangwi wote usiobadilika na kubakiza ule unaocheza kwa mdundo wa uhai.

Hayo si maneno ya vitabuni. Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani pamoja na maabara ya NASA iliyoko California ziliunda chombo cha namna hiyo, chenye ukubwa wa sanduku la safari, kikaitwa FINDER na kuonyeshwa hadharani mwaka 2013. Waundaji wake walieleza kwamba kiliweza kutambua mapigo ya moyo chini ya mita tisa za kifusi. Tarehe 25 Aprili mwaka 2015, tetemeko la ardhi liliikumba Nepal na kuua watu wapatao 9,000. Vyombo viwili vya majaribio vikapelekwa huko. Katika mji wa Chautara vikaonyesha mapigo ya moyo chini ya kifusi cha matofali na udongo chenye kina cha kufikia futi kumi. Waokoaji wakachimba mahali walipoelekezwa, na wanaume wanne wakatolewa wakiwa hai.

Watu wanne kati ya maelfu si wengi, atasema mwenye kuhesabu. Lakini kwa mke, mama au mtoto wa mmoja wao, hesabu hiyo haina maana.

Hapana budi, hata hivyo, kuusema ukweli kuhusu udhaifu wa vyombo hivi, kwa maana anayeuza matumaini ya uongo kwa waliofiwa hatendi wema. Kwanza, ukuta hula mawimbi. Maabara ile ile ya Lincoln iliunda mwaka 2011 rada ya kuona nyuma ya ukuta wa zege, iliyokuwa na antena 21 zilizopangwa kwa safu mbili juu ya mkokoteni. Iliweza kuonyesha watu wakitembea nyuma ya ukuta wenye unene wa inchi nane, lakini mawimbi yaliyopenya ukuta huo na kurejea yalikuwa yamebakiwa na takriban asilimia 0.0025 tu ya nguvu yake ya awali. Na watu walionekana kama madoa yanayosogea, si kama sura. Pili, maji ni adui. Kifusi kilicholowa mvua, kama kile cha Huruma, hunyonya mawimbi kuliko kifusi kikavu. Tatu, bati na chuma huyarudisha mawimbi yote, na kila ghorofa letu limejaa nondo. Nondo zikisukwa kwa ukaribu huwa kama wavu. Nne, chombo kinachotambua pumzi ya aliyefukiwa hutambua pia pumzi ya anayekishika na vishindo vya umati unaokizunguka.

Udhaifu huu wa nne ndio mkubwa kwetu. Katika misiba yetu, mamia ya wasamaria hupanda juu ya kifusi kwa nia njema. Chombo cha thamani yoyote kikiletwa mahali hapo hakitasikia lolote ila nyayo zao. Kwa hivyo rada haiondoi haja ya nidhamu, mbwa wa kunusa wala sikio la mwokoaji mzoefu. Inaongeza shahidi mmoja tu miongoni mwa mashahidi. Nao ushahidi wake unafaa katika saa za kwanza, kabla kiu na majeraha havijamaliza kazi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Mwaka 1998 waokoaji wenye ujuzi na vifaa walisafiri kutoka Israeli na Ufaransa kuja kutusaidia. Mwaka 2006 Waisraeli wakaja tena. Tunawashukuru, na shukrani hizo hazina kikomo. Lakini ndege, hata ikiruka upesi namna gani, haiwezi kushindana na pumzi ya mtu aliyebanwa chini ya nguzo. Saa zinazopita rubani akingoja kibali, askari wakipakia masanduku na kisha kuyapakua, ndizo saa ambazo jirani mwenye koleo na chombo kidogo angaliweza kuzitumia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika jambo hili hufa kabisa, bila hata kupata nafasi ya kuuona umaskini wake.

Wapo watakaodai kwamba ni heri fedha zitumiwe kuwakagua wajenzi walaghai kuliko kununua vyombo vya kutafuta maiti. Hoja hii ina uzito, na nusu yake ni kweli. Majengo yetu mengi hayaangushwi na matetemeko bali na tamaa: saruji iliyopunjwa, nondo nyembamba, ghorofa zilizoongezwa bila idhini, na wakaguzi wanaofumba macho baada ya kufumbuliwa mkono. Mkaguzi mwaminifu ataokoa watu wengi kuliko rada mia. Lakini hakuna anayesema kwamba kwa kuwa madereva wapaswa kuendesha kwa uangalifu, basi hospitali zifunge vyumba vya majeruhi. Kinga na tiba havigombani. Isitoshe, majengo mabovu yaliyokwisha kujengwa yangali yamesimama, na watu wanalala ndani yake usiku wa leo.

Wengine watasema kwamba teknolojia hii ni ya juu mno kwetu. Hawa ndio wanaostahili kujibiwa kwa makopo ya kahawa. Nchi yenye mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambao hulikunja bati likawa sanduku, karai au jiko bila mchoro wala mashine, haiwezi kushindwa kutengeneza kopo lenye kipimo sawa. Vyuo vyetu vikuu vinafundisha uhandisi wa umeme na tarakilishi miaka nenda miaka rudi. Fauka ya hayo, tangu viwanda vya magari vianze kutia rada ndogo katika magari mapya ili kuzuia migongano, sehemu zake za elektroniki zimeundwa kwa wingi na bei yake kushuka. Kinachokosekana si akili wala vifaa, bali ni mtu wa kuamuru kazi ianze.

Faida zake nazo haziishii kwenye kifusi. Rada inayotazama chini ya ardhi huonyesha bomba la maji lilipopita kabla ya barabara kuchimbwa, hupima unene wa lami ambayo mkandarasi ameapa kwamba ameiweka, na hutambua nondo zilizomo ndani ya nguzo bila kuivunja. Hebu fikiria, msomaji, mkaguzi wa majengo akiwa na chombo kama hicho mkononi! Fundi aliyeiba nondo kumi katika kila nguzo asingekuwa na mahali pa kujificha. Kumbe chombo kile kile kitafutacho waliofukiwa kina ndugu yake awezaye kuzuia wasifukiwe.

Lakini jicho linalopenya ukuta lina hatari yake, nayo haifai kufichwa. Anayeweza kumwona mtu chini ya zege aweza pia kumwona chumbani mwake. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Kyllo, iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba polisi waliokipima kwa mtambo joto la nyumba ya raia kutoka nje walikuwa wameipekua nyumba hiyo, hivyo walihitaji kibali cha mahakama. Licha ya uamuzi huo, ilifichuka Januari mwaka 2015 kwamba angalau idara 50 za usalama nchini humo zilikuwa na rada za mkononi za kutambua kama mna mtu ndani ya nyumba, na umma haukuwa umearifiwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, katika kesi ya Denson, jaji Neil Gorsuch, ambaye baadaye aliingia katika Mahakama ya Juu, alikuwa ameonya kwamba matumizi ya rada kama hiyo bila kibali yanazusha maswali mazito.

Ikiwa taifa lenye mahakama za miaka zaidi ya mia mbili lilishtukizwa, sisi je? Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinamlinda kila mtu asipekuliwe mwili wala makao yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inalinda habari za mtu binafsi. Lakini askari akisimama barabarani na kuelekeza kisanduku kwenye ukuta wako, amekupekua au hajakupekua? Hajavunja mlango, hajagusa kitu, na wewe hujui kwamba alipita. Swali hilo linafaa kujibiwa na Bunge kwa maneno ya wazi kabla visanduku hivyo havijazagaa, si baada ya raia kulia mahakamani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika jambo hili hata ukuta hautakufaa. Ni kichekesho cha namna yake kwamba mwenye jumba la mawe mtaani Karen ndiye atakayeonekana kwa urahisi, huku kibanda cha mabati cha Mukuru kikiyarudisha mawimbi yalikotoka.

Basi tufanye nini? Mwandishi wa makala haya anapendekeza mambo manne. La kwanza, kila chuo kinachofundisha uhandisi wa umeme nchini kiwatake wanafunzi wake waunde rada ndogo kabla ya kufuzu, na serikali itoe tuzo kwa wale ambao chombo chao kitatambua pumzi ya mtu nyuma ya ukuta wa zege. Gharama yake kwa kila kundi haizidi sana bei ya simu nzuri. La pili, vyombo vilivyokwisha kujaribiwa vinunuliwe na kuwekwa katika miji mikubwa, Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret, mikononi mwa vikosi vya zimamoto na vya uokoaji, si katika bohari yenye kufuli ambayo mwenye ufunguo yuko likizoni. La tatu, waokoaji wafunzwe kuvitumia juu ya kifusi halisi. Na raia nao wafunzwe kwamba filimbi ya kimya ikipulizwa, kila mtu hutulia alipo. La nne, sheria itamke kwamba hakuna anayeruhusiwa kuielekeza rada kwenye makao ya mtu bila kibali cha mahakama, isipokuwa pale ambapo makao hayo yameanguka na uhai uko hatarini.

Mapendekezo haya si makubwa. Hayahitaji mkopo kutoka ng'ambo wala tume ya kuzunguka ulimwengu ikila marupurupu. Yanahitaji mhadhiri mmoja mwenye moyo, makopo mawili, ubao, na kiongozi atakayekumbuka ahadi zinazotolewa kando ya majeneza kila jengo linapoanguka.

Msimu wa mvua huja kila mwaka, na kila unapokuja huzijaribu nguzo zilizojengwa kwa ujanja. Jengo jingine litaanguka. Hilo, kwa masikitiko, tunalijua. Lisilojulikana bado ni kama atakayekuwa chini yake, akipumua polepole gizani, atamkuta juu yake Mkenya mwenye chombo cha kumtambua, au atasikia tu mabuldoza yakinguruma upande wa pili.